Heshima Inayowadhoofisha Wazee Wetu

Katika nchi hii yetu mtu akipotea mwaka mzima kisha akarejea kijijini akiwa na mashavu yaliyojaa na tumbo lililotangulia, hupokewa kwa sifa. "Umenawiri," huambiwa. "Huko uliko wanakutunza." Akirejea akiwa amekonda, watu hutazamana kwa pembe za macho na kuanza kunong'onezana. Mazoea haya yana asili yake. Wazazi wetu walioionja njaa waliuona unene kuwa ni shibe, na shibe kuwa ni usalama. Kisha yakaja yale miaka ya tisini, wakati Ukimwi ulipokuwa ukituvuna kama mtama, wembamba ukageuka kuwa tuhuma. Mtu alikuwa radhi aonekane na kitambi kuliko kusingiziwa maradhi. Kitambi hakijavuliwa cheo hicho hadi leo.

Nakusudia kuzungumzia watu ambao sifa hizi zinawadhuru kuliko wengine wote, nao ni wazee wetu wa miaka 60 kwenda juu. Kwao wao unene unaoonekana kwa nje aghalabu huficha jambo ambalo jicho halilioni wala mizani hailisemi. Mafuta yanaongezeka ilhali misuli inapungua. Mzee huyo huyo tunayemsifu kuwa amejaza mwili anazidi kuwa mnyonge ndani ya mwili huo, hadi siku moja anashindwa kuinuka kitini nasi tunasema ni uzee.

Mwili wa binadamu si donge moja. Una mifupa, maji, mafuta na misuli, na kila kimojawapo kinaenda kwa mwendo wake. Kuanzia umri wa makamo misuli huanza kupungua polepole, kiasi cha asilimia 1 hivi kwa mwaka, na nguvu za misuli hiyo hupungua kwa kasi zaidi kuliko wingi wake. Miaka ikisonga, kasi nayo huongezeka. Mnamo mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, alitambua kwamba jambo hili kubwa halikuwa na jina, na kwamba kitu kisicho na jina hakuna anayekifanyia utafiti wala kukitengea fedha. Akaunda jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya nyama ya mwili na jingine lenye maana ya ukata. Ndiyo sakopenia. Kwa Kiswahili chetu ningesema ukata wa misuli, na sioni sababu ya kutoliita hivyo. Marekani yenyewe ilisubiri hadi mwaka 2016, miaka 27 baadaye, ndipo ikaupa ukata huo nambari yake katika orodha ya magonjwa ambayo madaktari huitumia.

Wengi wetu hudhani kwamba misuli ni mali ya wapigana mieleka na wachukuzi wa soko la Kongowea, na kwamba bibi kizee wa miaka 70 haihitaji kwa lolote. Dhana hii ni potofu mara mbili. Kwanza, ni misuli inayomwinua bibi huyo kitandani, inayomzuia asianguke akijikwaa, na inayomfikisha msalani kwa wakati bila kuaibika. Pili, misuli ni ghala. Tunapokula ugali, wanga wake huvunjwavunjwa tumboni ukawa sukari, sukari ikaingia katika damu, na kongosho ikatoa homoni ya insulini iliyo mithili ya mjumbe anayebisha hodi kwenye milango ya misuli ili sukari ipokewe. Hakuna kiungo kingine kinachopokea sukari nyingi zaidi baada ya mlo. Ghala likisinyaa, sukari hubaki ikizurura katika damu, na hapo ndipo kisukari cha ukubwani kinapopata mlango.

Mafuta nayo huzidisha balaa, hasa yale ya tumboni yanayozingira ini na matumbo. Hayakai kimya kama watu wanavyodhani. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa chini kwa chini mwilini, na huifanya misuli iwe kiziwi, mjumbe abishe hodi asisikike. Mengine hupenya hadi ndani ya misuli yenyewe, kama ile michirizi myeupe tunayoiona katika nyama ya ng'ombe aliyenoneshwa zizini, ambayo kwa mchinjaji ni sifa. Basi mzunguko huwa ni huu: misuli iliyodhoofu humkalisha mzee, kukaa humnenepesha, na kunenepa huzidi kuidhoofisha misuli. Kila kimoja humvuta mwenzake.

Kuna uchunguzi mmoja ambao kila nikiukumbuka huitazama mikono ya wazee ninaosalimiana nao. Ulichapishwa mwaka 2015, na ulihusu watu wapatao 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini. Wachunguzi walimpa kila mtu kifaa cha kubana kwa kiganja, wakapima nguvu zake, kisha wakamfuata kwa miaka kadhaa. Kila nguvu za kubana zilipokuwa pungufu kwa kilo 5, hatari ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa zaidi kwa asilimia 16. Kipimo hicho cha mkono kilibashiri vifo kuliko hata kipimo cha shinikizo la damu ambacho tunakipanga foleni kila mwezi. Wazee wa zamani waliomhukumu mtu kwa namna alivyowashika mkono hawakuwa mbali na elimu.

Na sasa tuitazame mizani. Katika vituo vyetu vingi vya afya mzee hupandishwa juu yake, huandikiwa kilo zake, na pengine kimo chake hupimwa ili hesabu ipigwe ya kugawa uzani kwa kimo mara kimo. Kanuni hiyo iliasisiwa katika karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet. Huyu hakuwa tabibu. Alikuwa mtakwimu aliyetafuta wastani wa watu wengi kwa mkupuo, na kwa kazi hiyo kanuni yake inafaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliofanyiwa watu wa miaka 18 hadi 69 hapa Kenya uliitumia ukatujulisha kwamba asilimia 27 yao walikuwa na uzani uliozidi kiasi, wanawake wakiwa asilimia 38.5 na wanaume asilimia 17.5. Ni habari muhimu. Lakini mzee mmoja mmoja anaposimama juu ya mizani, chombo hicho hakiwezi kutofautisha kilo ya mafuta na kilo ya misuli. Aliyepoteza kilo 6 za misuli akapata kilo 6 za mafuta ataambiwa hajabadilika. Isitoshe, wazee hufupika kadiri uti wa mgongo unavyojikunja, na hesabu nzima ikapinda pamoja nao.

Nina shangazi yangu, dadake marehemu baba, ambaye maisha yake yote alilima matuta ya Wundanyi. Wanaoijua milima ya Taita wanajua kwamba huko hakuna mahali pa kwenda bila ama kupanda ama kuteremka. Kisimani ni mteremko na kurudi ni mlima. Kanisani ni mlima na kurudi ni mteremko. Alipofiwa na mumewe mwaka 2021, akiwa na miaka 71, wanawe walikubaliana kwamba mama amesumbuka vya kutosha. Wakamchukua hadi Mombasa, wakamweka katika nyumba nzuri ya ghorofa, wakamwajiria msichana wa kupika, kufua na hata kumsogezea viatu. Runinga ilikuwa mbele yake na chai haikumpungukia. Walifanya hayo kwa mapenzi yasiyo na doa, nami nilikuwa miongoni mwa waliowapongeza.

Alikuja na kilo 58. Baada ya miaka miwili alikuwa na kilo 76, na kila mgeni aliyemwona alisema Mombasa imemkubali. Nilipomtembelea nilimkuta ameketi katika lile kochi la kuzama ambalo siku hizi kila sebule inalo. Alijaribu kuinuka anisalimu, akashindwa, akajaribu tena kwa kuishika meza. Nilitaka kumwita msichana amsaidie, akanizuia kwa mkono.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita kwa kuwa nina jina la babake, "mimi siumwi. Ila hiki kiti kinanishika."

Katika zahanati moja ya mjini alipimwa akapatikana na sukari, akaandikiwa vidonge, akaambiwa kwa ukali kwamba amenenepa mno na apunguze chakula. Hakuulizwa kama anaweza kuinuka. Kwa kuwa ni mtu mtiifu, alikipunguza kwelikweli: uji mwepesi asubuhi, kabeji mchana, chai kavu jioni. Akapungua kilo 9 kwa miezi minne, familia ikafurahi, na mwezi wa tano akaanguka kwenye kizingiti cha bafu akavunjika kiwiko cha mkono. Kilo zile 9 hazikuwa za mafuta peke yake. Aliukosa na ule mguu ambao ungemshika asianguke.

Aliyemfaa alikuwa kijana mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyemjia kwa ajili ya ule mkono. Kabla hajaugusa mkono, alimwambia ainuke kitini mara tano bila kushika kitu. Shangazi aliinuka mara mbili. Tangu siku hiyo kazi yake ya asubuhi na jioni ikawa ni kuinuka na kuketi, kwanza kitini palipowekwa mito miwili ili pawe juu, kisha mto mmoja, kisha kiti kitupu. Alisimama kwa vidole vya miguu akiwa ameshika ukingo wa meza ya jikoni. Mkono ulipopona aliinua chupa za maji za lita moja, baadaye za lita mbili. Uji ukaongezewa yai na maziwa, na kabeji ikaandamana na maharagwe. Miezi minane baadaye aliweza kuinuka mara saba mfululizo na kupanda ngazi za nyumba hiyo akipumzika mara moja tu. Vidonge vya sukari bado anavimeza na kilo zake ni 68. Kwa mizani bado ni mnene. Lakini ameshaanza kumfukuza msichana jikoni.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu si la nyumba moja. Jambo la kwanza ambalo mwana aliyefanikiwa humfanyia mzazi wake ni kumpokonya jembe. Tunaona aibu jirani kumwona mama mzazi wa mtu mwenye gari akipalilia. Tunawanunulia viti vya kuzama, tunawaletea kila kitu walipo, na mjukuu akionekana ameketi ilhali bibi anachota maji hukemewa mbele ya watu. Sisi wenye msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tumewafanya wazazi wetu kuwa wageni wa kudumu katika nyumba zao wenyewe.

Najua nitajibiwa kwamba mzee aliyefanya kazi ngumu miaka 50 anastahili kupumzika. Ni kweli, wala sisemi mama wa miaka 75 arudishiwe mtungi wa lita 20 mgongoni au mzigo wa kuni unaomkunja hadi magotini. Kazi ya kuchosha isiyo na kiasi huvunja viungo. Tazama magoti ya akina mama waliozeekea katika mashamba ya chai na kahawa. Ninalopinga ni kule kuruka kutoka punda hadi sanamu. Kati ya mtungi wa lita 20 na kutoinua chochote pana ndoo ya lita 5, pana bustani ya sukuma wiki nyuma ya nyumba, pana kuku wa kulishwa, pana ngazi, pana safari ya miguu hadi dukani. Na mazoezi ya kutembea peke yake, ingawa yanafaa moyo na mapafu, hayatoshi kuirejesha misuli. Misuli hukua inaposukumwa na kitu kizito kidogo kuliko ilichozoea, na uzito huo ukazidishwa taratibu.

Wapo watakaosema kwamba katika umri wa miaka 80 mambo yamekwisha, na mti mkavu haupindwi. Jibu lao lilitolewa Boston mwaka 1990. Huko daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunziwa wazee, wenye umri wa miaka 90 kwa wastani, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Hawakuwapa uzito wa kuchezea. Waliwapa uzito hasa, uliopimwa kulingana na nguvu za kila mmoja. Wazee 9 walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya mapaja ilinenepa kwa asilimia 9. Mtu wa miaka 90! Miaka minne baadaye waliurudia uchunguzi huo kwa wazee 100, na safari hii wakawagawa: wengine wakapewa mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, na wengine wasipewe chochote kati ya hivyo. Wiki 10 zilipokwisha, waliofanya mazoezi nguvu zao zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 113. Waliokunywa lishe bila mazoezi hawakupata nafuu ya maana katika udhaifu wao. Hapo ndipo penye funzo kwa sisi tunaodhani kwamba mkebe wa unga wa lishe ulionunuliwa kwa bei ya kuruka katika duka la dawa utamsimamisha mzee aliyeketi.

Haimaanishi chakula si kitu. Chakula ni matofali, na mazoezi ni fundi. Fundi bila matofali hajengi. Wataalamu wa Ulaya na kwingineko waliokutana kulijadili suala hili walipendekeza mwaka 2013 kwamba mzee mwenye afya ale protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzani wake kila siku, kiasi kinachozidi kile cha kijana, kwa sababu misuli ya mzee ni nzito kusikia na huhitaji kuitwa kwa sauti zaidi. Mzee wa kilo 60 basi ahitaji gramu 60 hadi 72. Sasa hebu tumtazame mzee wetu. Asubuhi ni chai na vipande viwili vya mkate. Mchana ni ugali kwa sukuma wiki. Jioni ni ugali huo huo, au wali kwa mchuzi wa viazi. Nimejaribu kuihesabu siku kama hiyo na sikufika gramu 40. Ugali una protini kiasi, lakini ya mahindi ina kasoro, kwani imepungukiwa na baadhi ya vile viini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea.

Ninaloliona la ajabu ni kwamba desturi zetu za kale zililijua hili. Katika jamii nyingi za nchi hii, mnyama alipochinjwa wazee walikuwa na vipande vyao ambavyo mtoto hakuthubutu kuvigusa. Leo tukienda kuwaona wazee tunabeba nini? Sukari kilo mbili, mikate miwili, mafuta ya kupikia, na soda za wajukuu ambazo bibi huishia kuzinywa. Tunakwenda kumsalimu mgonjwa wa kisukari tukiwa na sukari mkononi, na tusipoibeba tunaona tumeenda mikono mitupu. Meno nayo yana kesi yake. Mzee asiye na meno huiacha nyama kwanza, halafu maharagwe, akabaki na vitu laini ambavyo karibu vyote ni wanga. Hakuna anayemuuliza, naye huona haya kusema.

Dawa yake haihitaji nyama ya kila siku. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na bilauri ya maziwa ina gramu 8. Kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa kina gramu 15, na ndengu haziko mbali. Omena wakavu, wale ambao watu wa mijini huwabeza, takriban nusu ya uzani wao ni protini, na wakisagwa huchanganyika vizuri katika mchuzi wa asiye na meno. Ni vyema vitu hivi vigawanywe katika milo yote mitatu kuliko kurundikwa katika chakula cha jioni. Mwenye maradhi ya figo, ambayo mara nyingi huandamana na kisukari na shinikizo la damu, asiongeze protini bila kumwona daktari kwanza. Hilo nalisisitiza, kwani najua baadhi ya wasomaji watalikata gazeti hili na kulibandika jikoni.

Turudi kwenye suala la kupunguza uzani, maana ndipo makosa mengi hufanyika kwa nia njema. Mzee mnene afanyeje? Daktari Dennis Villareal na wenzake, huko St. Louis nchini Marekani, waliwachunguza wazee wanene 107 kwa mwaka mzima, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliopunguza chakula peke yake walipungua uzani kwa asilimia 10. Waliopunguza chakula na kufanya mazoezi walipungua asilimia 9, karibu sawa. Lakini katika vipimo vya kutembea, kuinuka na kubeba vitu, kundi hili la pili liliboreka kwa asilimia 21, ilhali la kwanza liliboreka kwa asilimia 12. Na walionyimwa chakula bila mazoezi walipoteza zaidi misuli, na hata mifupa ya nyonga zao ilipungua uzito zaidi. Kwa mtu wa miaka 30 jambo hili laweza kusameheka kwa kuwa atajijenga upya. Kwa mtu wa miaka 70 nyonga ikivunjika, wengi hawarudi walivyokuwa.

Tahadhari hii ina haja zaidi siku hizi ambapo sindano za kupunguza unene, za jamii ya semaglutide, zimefika hadi Nairobi kwa wenye uwezo. Ni dawa zenye nguvu, na kwa wagonjwa wa kisukari na wa moyo zina manufaa yaliyothibitishwa; mimi si miongoni mwa wanaozilaani. Ila katika kilo zinazopungua, sehemu isiyo ndogo, mara nyingi robo au zaidi, si mafuta. Mzee anayedungwa bila kuambiwa habari za mazoezi na protini anapewa nusu ya matibabu kwa bei ya matibabu kamili.

Kuna mahali pengine ambapo misuli ya wazee hupotea pasipo mtu kugutuka, nako ni hospitali kwenyewe. Mwaka 2007 kulichapishwa uchunguzi wa wazee wazima wa afya, wa miaka 67 kwa wastani, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Siku hizo 10 tu ziliwapunguzia miguu yao karibu kilo moja ya nyama isiyo ya mafuta. Hawa hawakuwa wagonjwa. Seuze mzee mwenye homa ya mapafu asiyekula vizuri, ambaye jamaa zake wanaokuja saa ya kuona wagonjwa humkataza hata kuketi kitako? "Lala, mzee, usijisumbue." Daktari akiruhusu aketi, na aketishwe, akiruhusu asimame, ashikwe mkono asimame.

Hapana budi pia tuigeukie serikali, ya kitaifa na za kaunti. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatamka kwamba wazee waishi kwa heshima na wapate utunzaji wa kufaa kutoka kwa jamaa zao na kwa dola. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.7. Wale wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na pesa hizo hazina budi kununua unga, sabuni, dawa na nauli. Mayai mawili kwa siku, kwa bei ya shilingi 15 hadi 20 kila moja, yangekula karibu nusu yake au zaidi. Anayemshauri mzee kuhusu lishe na aanzie katika hesabu hiyo.

Lakini lipo jambo ambalo halina gharama hiyo. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi na kupewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima sukari na shinikizo la damu, ili waende nyumba kwa nyumba. Ni mpango niliousifu na ninaousifu, ingawa malipo yao katika baadhi ya kaunti yamekuwa na vijisababu. Naomba wafundishwe kipimo kimoja zaidi, kile alichofanyiwa shangazi. Mzee aketi katika kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kuketi mara tano upesi awezavyo. Kwa mujibu wa mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2019, akichukua zaidi ya sekunde 15, kuna dalili kwamba nguvu zimepungua na anafaa kuchunguzwa zaidi. Saa ya simu yatosha. Mhamasishaji asimame karibu amshike akiyumba, na asimfanyishe mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au aliyefanyiwa upasuaji karibuni.

Nimesikia kwamba yapo makundi ya akina mama wazee, katika makanisa na misikiti na vyama vya akiba, ambayo yameanza kufanya mazoezi pamoja kabla ya mikutano yao. Ningependa kujua wanavyofanya, nani anayewaongoza, na kama kuna akina baba wanaothubutu kujiunga nao. Walio katika makundi hayo wanaweza kuniandikia kupitia kwa Mhariri.